Skafu ya Baridi ya Ndani

Mama yangu uliye mbali na macho,

Leo kiyoyozi kimempiga mjukuu wako Salma mpaka akalalamika, nikamfunika mabegani na ile skafu yako ya rangi ya zafarani. Nikakumbuka majirani zetu wa Al Quoz walivyokuwa wakikucheka. Nje jua linababua, wewe umekaa na uzi wa sufu, wakauliza nani anafuma skafu Dubai. Ukawajibu bila kuinua macho, "Nyie hamjui. Baridi ya hapa iko ndani ya nyumba."

Lakini hukufuma kwa ajili ya baridi tu. Ukingoni ulipanga maua madogo ambayo sijayaona kwa mtu mwingine. Siku tuliyokwenda Hatta ulitembea kando ya bwawa umenyoosha shingo ili kila mtu ayaone, baba akakuuliza, "Harusi ya nani leo?" Ulinuna mpaka chai ilipoiva.

Ulikuwa mashoto, mama. Chakula ulikula kwa mkono wa kulia kama ulivyolelewa, ila sindano ya kroshia haikukaa mkono huo hata kidogo. Mimi wa kulia, nikikaa ubavuni mwako kila kitu kinakuwa kinyume. Basi ukavuta stuli, ukanikalisha mbele yako, magoti yetu yakigusana. "Usinisikilize," ukasema. "Nitazame mikono." Nikakufuata kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na ua langu la kwanza likatoka limepinda. Ulilisifia hata hivyo.

Tangu ulipotutoka, maua hayo nayajua mimi peke yangu. Hilo linanitisha kuliko ninavyowaambia watu. Nikiondoka nayo mimi, yamekwisha.

Ndiyo maana nimekuwa nikimfundisha binti yangu, na mambo yamekuwa hayaendi. Salma naye ni mashoto, amekurithi wewe. Nilimweka ubavuni, nikamshikisha sindano kwa mkono wa kulia kwa sababu ndio ninaoujua. Anafuma, anafumua. Jana aliutupa uzi kwenye kochi. "Khalas, mama. Mie sina mikono hiyo." Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, maana nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Leo, skafu yako ikiwa mabegani mwake, aliniuliza, "Kwani bibi alikufundishaje wewe?" Nikamsimulia. Sikuwa hata nimemaliza, akainuka, akaondoa rimoti juu ya ile stuli yako, akaivuta mbele yangu na kuhamishia sindano mkono wa kushoto. Magoti yake yakagusa yangu.

"Yalla, mama. Usiseme kitu. Fuma tu, nikutazame."

Nikafuma ua moja polepole. Nilihesabu kila kitanzi kana kwamba mimi ndiye ninayejifunza. Nilipoinua macho, Salma alikuwa anamalizia lake, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimenyooka pembeni, vile vile kama chako. Hakuna aliyemfundisha hilo. Nilishikwa na hamu nawe, mama, na papo hapo nikahisi umerudi kukaa mahali pako.

Ua lake limepinda. Nimelisifia hata hivyo.

Lala salama, mama. Tuko wawili sasa.

Mwanao wa kwenye stuli