Mabomba ya Bluu

Jumatatu, 3 Machi
Jukwaa langu la mabomba limesimama mbele ya jengo la nguzo sita, mkabala na ubalozi wenye geti la shaba. Barabara nzuri hii jamani! Juu ya kila dirisha zabibu za mawe, na nyufa zake ni zangu kuziba. Mkwe kapita akitoka kufundisha. Kashindwa kunipandishia ndoo ya plasta! Nimemwambia kwamba hata mkewe, binti yangu, na mimba yake ya miezi saba, angeiweza. Kacheka tu.

Jumatano, 5 Machi
Mabomba mawili ya jukwaa yameibwa. Mafundi wa jirani wana mkono mrefu! Asubuhi nimeyapaka yote yaliyobaki rangi ya mafuta, bluu, niyajue.

Haikuwahi kukauka. Saa sita walimu wakaja na mabango, wakitaka balozi awasikie. Polisi wakawavamia kwa virungu — vichwani, migongoni. Mama mmoja kapigwa usoni, meno yakamwagika kwenye ngazi nyeupe. Walimu wakang'oa mabomba yangu. Mimi niko juu, nimekimbilia ndani kupitia dirishani. Nikaona polisi anaangushwa, anapigwa bomba la kichwa. Tena. Tena, hata alipokwisha kutulia. Mpigaji alinipa mgongo.

Alhamisi, 6 Machi
Polisi yule kafa. Redio inasema muuaji ana rangi viganjani. Wanakagua mikono nyumba kwa nyumba. Fundi wa mtaa wa pili wamemburuta kwa mateke — na rangi yake ilikuwa kijani!

Mkwe na binti wamelala kwetu. Asubuhi mkwe hakugusa chai, mikono kaificha kwapani. Nikaivuta. Bluu, yote miwili.

"Alikuwa anampiga yule mama, baba," akasema. "Nilipoanza, nikashindwa kuacha."

Huyu, aliyeshindwa na ndoo! Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kulia. Marehemu naye ana watoto, labda. Binti kasimama mlangoni ameshika tumbo.

Nikaleta chupa ya mafuta ya taa. Nikamsugua mwenyewe kwa tambara, kidole kwa kidole, mpaka chini ya kucha. Viganja vikatakata.

Sasa polisi wako kwa jirani. Nasikia wakiwaambia wanyooshe mikono. Binti ananiuliza mbona mimi sijanawa rangi yangu ya jana. Nimetikisa chupa, hamna hata tone. Kalamu hii yenyewe imeshika bluu.

Wanagonga. Mkwe kainuka akafungue. Nimemwambia akae, mlango wa nyumba hii nafungua mimi.