Ng'ombe wa Bhoke na Vidonda vya Miguu Yangu

Jumatano jioni. Mawingu mazito, mvua haijaamua.

Bwana asifiwe, wapendwa. Hamjambo huko mliko? Kifua je, miguu je? Mimi nipo, ndivyo tunavyojibu hata mtu akiwa hayupo.

Yale mabonge mekundu niliyowaeleza, ya kwenye mashavu ya miguu, yamepasuka. Sasa ni vidonda. Ukoo ulishatoa hukumu: nilikanyaga dawa ya uchawi mlangoni pa zizi, na aliyeitega ni Bhoke, mke wa shemeji yangu, kwa kuwa ndiye aliyefagia pale. Wakamrudisha kwao Kerende. Binti yake mdogo, Robi, wakambakiza.

Bhoke huyohuyo aliyekuwa akiniosha vidonda kwa maji ya chumvi.

Leo nimepata majibu hospitali. Walishakata kinyama cha mguu na kupiga picha ya kifua. Daktari kanieleza polepole: nina kifua kikuu mapafuni, na mwili katika kupigana nacho umevimbisha mishipa midogo ya damu chini ya ngozi. Vidonge nitameza miezi mingi.

Nilirudi kwa bodaboda, moyoni naimba. Nikamwambia mume wangu Mwita, mbele ya ndugu zake, kwamba hakuna dawa iliyotegwa. Bhoke hana kosa.

"Mama Ghati, kifua kimeshuka mpaka miguuni?" Mwita akaniambia. "Kesho si kitaingia kwenye viatu!"

Wakacheka wote. Na mimi sijakohoa hata mara moja, hivyo hawakuniamini.

Kesho asubuhi wanaume wanakwenda Kerende kudai ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha, na Robi ndiyo basi, hana mama. Kila jioni ananiuliza. Namwambia mama kaenda shamba.

Shamba lipi lisilo na jioni ya kurudi nyumbani?

Nimeomba mpaka maneno yameniishia. Mungu anisamehe, leo naona kama naongea na mabati ya paa.

Vidonda vitakauka, daktari kasema. Lakini simu ya Bhoke haipatikani, miguu hainifikishi mbali, na Mwita kasema nisithubutu kutoka.

Wewe unayesoma hapa, kama uko Kerende, nenda kawaambie kwao Bhoke: mwenye miguu mwenyewe anasema hakutegewa dawa. Kisha nijibu mapema, tafadhali, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini kwao.