Miguu ya Amisa

Mama,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kule Lusangi, na mimi bado navaa gauni jeupe la maternite, hospitali ya wazazi ya Kasongo, bado naitika "ndiyo, Masera" kwa yule mtawa wa Kibelgiji kutwa nzima. Watu walinipa pole nyingi. Nilizipokea kama mtoto mwema. Hawajui.

Wewe unajua. Mwaka juzi ulikuja hapa maternite na kichupa chako cha mawese kumkanda Amisa, yule msichana wa Kabambare aliyejifungua mtoto wa kiume na maziwa yakakataa kushuka. Mama mkwe wake ndiye aliyekuita. Umeshika miguu ya wazazi wangapi mji huu, Mama? Unaiosha kwa maji ya moto, unamweka mtoto kifuani kwa mama yake, kisha unakaa chini, unabonyeza nyayo kwa kidole gumba, polepole, mpaka mama asinzie na mtoto aanze kumeza. Nilikuwa nikikuona toka utotoni, na nilikuwa naona aibu. Mtu mzima kukaa miguuni pa wasichana wa juzi.

Ni kweli Masera alikuwa amekataza mafuta ya nyumbani. Lakini siku ile alikuwa kanisani. Ningekupitisha na asingejua. Nilikuzuia mwenyewe, kwa sababu wenzangu walikuwa wanatazama na wewe ulikuwa pekupeku. Nikakuomba karatasi ya ruhusa. Mimi, kwa mtu aliyenizaa.

"Mutoto ya watu iko nalia njaa, na wewe unaniomba karatasi?" Ulisema hivyo tu, ukageuka ukaenda zako. Hukunilaani. Afadhali ungenilaani.

Amisa alipewa maziwa ya kopo. Mtoto akaharisha siku nne, ya tano tukamfunga katika kitambaa cha kuzikia. Hukunitajia hata mara moja. Kila Jumapili ulinipikia sombe ya majani ya muhogo na kuniuliza habari za kazi. Hilo ndilo linalonichoma, Mama, na nakukasirikia kwa hilo: ulinyamaza, ukaugua, ukafa, ukaniachia maneno yote peke yangu. Na kazi ya mikono yako hukunifundisha. Sikuuliza, ndiyo. Ungenilazimisha basi.

Juzi Amisa amejifungua tena, binti safari hii. Maziwa yamechelewa vilevile. Nilipoingia hakunisalimu, aliniuliza tu, "Mama yako iko wapi? Umwambie akuje." Hakuna aliyekuwa amempa habari. Ikabidi nimwambie mimi kwamba umekufa. Alilitazama gauni langu kutoka juu mpaka chini, akageukia ukutani.

Leo asubuhi nilikaa sakafuni mbele ya watu wote, Masera akiwepo, nikanyoosha mkono. Amisa akavuta miguu yake, akaifunika kwa kitenge.

"Hapana. Si wewe."

Ana haki. Lakini Masera ameshaleta kopo, limewekwa mezani, na mimi nimeshamzika mtoto mmoja kwa kopo la namna hiyo.

Sikuombi unisamehe, Mama. Pumzika tu, umechoka vya kutosha. Ninachokuahidi ni hiki: nikimaliza barua hii narudi kukaa palepale, na sitainuka mpaka Amisa anipe mguu, au mpaka Masera anivue gauni hili. Kwaheri. Binti wa Amisa analia, namsikia kutoka hapa ninapoandika.

Mwanao,
Feza