Mama Amekwenda Mbeya

Guangzhou,
9 Machi 1998

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kifua kimetulia kabla baridi ya Iringa haijaanza. Mimi mwili haujambo.

Tangu biashara iharibike Bangkok mwaka jana, wengi wetu tumehamia huku. Nakaa hoteli moja ya mtaa wa Liuhua, chumba kimoja na Kazija, dada wa Unguja anayenunua viatu vya jumla. Asubuhi niko sokoni, mchana niko Xintang nakagua suruali za jinzi, jioni narudi. Hata nikikaa mguu hautulii.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Jumapili tulikuwa mezani watu saba, akaja Mmarekani mweusi anaitwa Derick, mwalimu wa Kiingereza. Niliposema naitwa Natalia Gaines, akauliza kama baba yangu ni Thomas Gaines, mwandishi. Nikasema ndiye, tena kwa kujivuna. Akaanza kucheka peke yake. Akasema mbele ya wote, "Kumbe wewe ndiye yule msichana aliyeiambia shule nzima kwamba mama yake amekwenda Mbeya kununua cherehani, na mama mwenyewe yuko hospitali anakufa."

Dismas, Mtanzania mwenzetu pale mezani, akamtafsiria Kazija.

Baba, hapa wote walijua Mama yu hai. Ndivyo nilivyowaambia. Kazija alinisaidia kumchagulia viatu mwezi uliopita, tukabishana rangi.

Derick ameniazima kitabu chako. Ulivifungia vitabu vyako kabatini ukisema ni vya Wamarekani, nami sikuuliza. Sasa nimesoma. Humo nina miaka kumi na minne, siendi wodini, nadanganya, na watu wanacheka. Wodini nilikwenda mara moja, siku ya mwisho, nikamweleza Mama uongo wangu wa Mbeya. Akageukia ukutani. Nikatoka mbio. Tulikuwa wawili tu mle ndani, na wewe sikukuambia kamwe.

Alikuambia nini juu yangu?

Mwanao,
Natalia


Iringa,
4 Aprili 1998

Mwanangu Natalia,

Marahaba. Kifua kimetulia, kuku wametaga, jirani yetu Heriel bado anadai mbwa wake hajawahi kuniuma.

Huyo Derick atakuwa msomaji wangu wa kumi na moja. Akipatikana wa kumi na mbili tutakuwa timu ya mpira yenye mchezaji wa akiba. Msalimie.

Mchapishaji wa New York ameniandikia. Anataka nieleze maisha yangu tangu utoto, kwa vile mwakani natimiza sitini. Natembea toka mezani hadi bandani, toka bandani hadi mezani, na karatasi bado nyeupe.

Habari ya Mbeya ni ya zamani, mama. Sikia, mwandishi husikia mengi. Njoo nyumbani tuongee.

Baba yako


Xintang,
11 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sikuuliza habari za wasomaji. Niliuliza Mama alisema nini.

Nimehama Liuhua. Kazija hajaniuliza neno tangu siku ile, na kule kutouliza ndiko kulikonifukuza. Nimepata chumba juu ya karakana ya jinzi. Laoban, yaani tajiri mwenye karakana, anashangaa kuona nafungua na kufunga sanduku lilelile kila siku.

Usiniandikie mpaka uwe na jibu.

Natalia


Iringa,
27 Septemba 1998

Mwanangu,

Marahaba, ingawa imechelewa miezi minne. Sijui u hali gani. Mimi nala, nalala, natembea.

Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara mzaha unatangulia. Baba yangu alikuwa mchukuzi wa mizigo katika hoteli moja ya Memphis. Siku moja mzungu alimtukana mbele yangu. Baba akasema neno la kuchekesha, yule mtu akacheka, na balaa likapita. Nilikuwa na miaka saba, nikaelewa hapohapo. Shuleni nikachekesha nisipigwe. Nilipokuwa kijana Chicago nikapata safu katika gazeti la watu weusi, na kila nilipoandika kwa hasira mhariri alinirudishia, akisema watu wananunua gazeti wapumue. Mwaka 1971 nilichoka nikaja kufundisha huku, nikidhani nimeiacha kazi ile. Mama yako ndiye aliyenifundisha Kiswahili. Aliniambia, "Kiingereza kauze, hiki kibaki nyumbani." Maneno niliyabakisha. Nyumba yenyewe nikaiuza, sura moja baada ya nyingine.

Sasa jibu lako.

Jioni ile nilimkuta mama yako ameuma shuka. Nikadhani ni maumivu, nikataka kumwita nesi. Alikuwa anacheka, Natalia. Alisema ulipomweleza habari ya cherehani kicheko kilimjia, na mshono wa upasuaji ulikuwa unamkata akicheka, ndiyo maana akageukia ukutani ajizuie. Alipogeuka tena ulikuwa umeshaondoka. Akaniambia, "Mtoto wangu amenipa safari. Mwambie aje kesho, nataka kujua nilipanda basi gani." Kesho hakuifikia.

Sikukuambia. Wiki za kwanza nilishindwa kufungua mdomo. Kisha nikakaa kuandika, na katika kuandika nikakiondoa kicheko chake, kwa sababu bila yeye kucheka wewe ulichekesha zaidi. Ndivyo nilivyofanya, na nilijua ninachofanya. Kitabu kilipotoka, ningekuambiaje la Mama bila kukuonyesha langu? Nikafunga kabati. Sikujua kwamba ulibaki na mgongo wake. Ningeuliza ningejua.

Mchapishaji anataka sura hiyo iandikwe upya katika kitabu cha maisha yangu. Nimeiandika, mara hii kicheko kimo. Ni kazi bora kuliko zote nilizopata kuandika, na bila hiyo mchapishaji hakitaki kitabu. Nimeziweka kurasa zenyewe ndani ya bahasha hii. Sina nakala. Anwani ya New York iko nyuma ya ukurasa wa mwisho. Amua wewe.

Baba yako


Guangzhou,
18 Januari 1999

Baba,

Shikamoo. Naomba uzima wako. Mimi nimeamka salama, na leo nimelala saa nane mfululizo, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho.

Barua yako ilifika Xintang nikiwa nimeshaondoka tena. Laoban aliitunza wiki sita, akanikabidhi nilipokwenda kuchukua mzigo. Niliisoma nimesimama, mafundi wakipita na marobota kichwani.

Kurasa zako nimezisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu nilicheka, pale mhudumu alipopiga deki chini ya kitanda cha Mama ulikolala, akakusukuma nje wewe na blanketi lako. Ni nzuri kweli. Derick aliomba azione, nikamkatalia.

Sizipeleki New York. Miaka kumi na moja nimezunguka miji nikiamini Mama alikufa amenichukia, na neno la kunituliza lilikuwa kwako. Hasira bado ninayo, na nitaibeba mpaka Iringa mwezi wa nne, ukiwa tayari kuipokea. Kama wamekataa kitabu, nasikitika. Nasema kweli, nasikitika. Lile la uongo wangu uliliuza, limeshakwenda. Kicheko cha Mama hakiendi.

Nimerudi chumba cha Kazija. Juzi tulikuwa tunafunga maboksi ya viatu, nikamwambia, "Mama yangu alifariki mwaka themanini na saba." Hakushtuka, maana alijua tangu Jumapili ile. Aliweka utepe wa gundi chini akaniuliza, "Alikuwa akiitwa nani?"

Nikamwambia, Sarah.

Akalitamka polepole, Sarah, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Kisha akanishikia boksi, nikalifunga.

Mwanao,
Natalia