Jina la Bibi, Herufi kwa Herufi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia chumba cha kompyuta, nimewasha seva, nimeangalia nafasi. Kidogo sana. Ijumaa kuna maonyesho, mwalimu anataka tovuti za zamani ziondolewe. Seva moja inabeba tovuti kumi na moja, kila moja na jina lake. Zinaitwa hosti pepe. Kuziondoa mojamoja kunachosha, nimeandika skripti: unataja jina, inazima hosti, inafuta mpangilio na folda yake yote. Nimeongeza swali moja. Lazima uandike jina la tovuti tena, herufi kwa herufi, ndipo ifute. Mtu asifute kwa bahati mbaya.

Nimemfundisha Adela. Rafiki mwingine sina.

Jumanne, 4 Machi
Tumeondoa tatu. Yangu, niliyoipa jina la bibi, hatujaigusa. Ni sauti ya bibi, kwa Kirundi. Safari yao mpaka kambi ya wakimbizi ya Lukole, na nyimbo za kulimia. Nilimrekodi kwa simu ya mama kabla hajafariki. Simu ikaibiwa Lusahunga, pale malori yanapolala. Flashi mwalimu hataki, zinaleta virusi. Kwa hiyo bibi yuko kwenye seva tu.

Alhamisi, 6 Machi
Tovuti yangu haifunguki. Nimeenda kwenye folda. Hakuna folda. Labda nimekosea njia. Nikaandika upya. Hakuna.

Nikafungua orodha ya amri zilizopita. Jana, saa nane mchana, akaunti ya Adela. Skripti yangu, kisha: anastazia.

Na skripti ilimuuliza, kama nilivyoitengeneza. Akaandika jina la bibi yangu mara ya pili. Herufi tisa. Hiyo si bahati mbaya.

Jana saa tisa tuligawana hindi la kuchoma. Nilimpa kipande kikubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Tovuti ya Adela, picha za mashamba ya Kibimba, imesifiwa na wageni. Imejaa picha. Zimekaa mahali pa bibi.

Nilimngoja bombani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, likatoka swali moja.

"Kwa nini?"

"Si wewe mwenyewe ulisema? Wavulana walivyoicheka ile sauti, ukasema siyo bibi yako, ni mtu tu wa kambini." Akafunga bomba. "Nafasi haikutosha. Usininunie bwana."

Alijua. Bibi alipofariki alikuja msibani kwetu, akachota maji siku mbili. Namchukia.

Lakini nilisema. Mwaka jana, mbele ya darasa zima, nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilimkana bibi ili wasinicheke. Hilo simwambii mtu.

Nimeondoa ruhusa ya Adela kwenye skripti. Amri moja. Nilidhani nitajisikia vizuri. Mwalimu sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimeazima simu ya mama mdogo. Mama alikuwa anachambua maharage. Alifika Lukole akiwa mtoto, mgongoni kwa bibi. Nikamwomba anisimulie safari ile.

Akaanza kwa Kiswahili, kile anachotumia ofisi ya kata. Nikamwambia hapana, kwa Kirundi, kama bibi.

Akanitazama. Akainuka, akafunga dirisha la barabarani, wapita njia wasisikie, akarudi kukaa kwenye mkeka.

Nikalifungua dirisha. Nikabonyeza kurekodi.