Vipande vya Tende Vimekatika, Ester

Shoga yangu Ester,

Vimekatika! Salamu zitafuata, hili kwanza. Vile vipande vyetu vya tende na oti vimekatika kwa kisu, pembe nne kila kimoja, na hakuna hata kimoja kilichomomonyoka. Nimekaa uani hapa Temeke, vidole vinanata mpaka karatasi imepata doa, na wa kumwambia ni wewe.

Unakumbuka tulivyohangaika? Wewe ulikuja na mapishi yako uliyofundishwa misheni huko Upareni, mie nikawa na tende za dukani kwa mume wangu. Tukaziponda na nanasi, tukakaanga oti kwa samli, tukapalia makaa chini na juu. Kila tukikata, chenga tupu. Nawe unacheka mpaka unashika ukuta: "Mama Saidi, lete vijiko, leo tena tunakula uji mkavu!"

Homa ilipokuchukua masika yale, sikuligusa tena lile trei. Neema wako naye akaacha kuingia jikoni kwangu. Ananiamkia mlangoni, "Shikamoo, mama," kisha huyo, anapita. Sikumlaumu. Harufu ya samli na tende humu ndani ni wewe mtupu.

Basi jana asubuhi akaingia mwenyewe.

"Mama, majibu ya mtihani yanakuja leo. Siwezi kukaa nyumbani. Nipe kazi."

Nikampa tende atoe kokwa. Mawazo yote yalikuwa kwenye majibu, maskini, nusu ya kokwa zikaangukia kwenye samli. Tukatandaza oti, tukapaka tende, tukafunika kwa oti tena. Tumelitoa tu trei motoni, kisu ninacho mkononi, mara namsikia mumeo anakuja uchochoroni, baiskeli ameibwaga huko nyuma. Ester, Mwalimu Yohana anakimbia! Yule yule asiyekimbia hata mvua!

"Amechaguliwa! Neema amechaguliwa! Anakwenda shule ya bweni!"

Anapiga kelele huku analia, miwani imekaa upande. Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Majirani wakatoka, wengine hata hawajui kuna nini, nao wakapiga. Neema akakaa mchangani palepale, akajifunika uso kwa ncha ya khanga yangu.

"Mama angejua," akasema.

"Nitamwambia mie," nikamjibu.

Ndiyo nakwambia sasa. Mwanao amefaulu, Ester. Amefaulu!

Trei tukalisahau kabisa. Jioni narudi jikoni nalikuta limepoa, limekaza. Natia kisu, kinashuka chenyewe, kipande kinatoka kizima. Kumbe ilikuwa ni kusubiri tu! Na sie wawili tulikuwaga hatuwezi kusubiri, tunakata moshi bado unatoka, tunaungua vidole, halafu tunailaumu oti. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikalia kidogo, kisha nikaita watu waje kula. Mumeo alikula amesimama, kimoja baada ya kingine. Mwisho akamwuliza Neema kama huko bwenini watampa chakula kama hiki, na Neema akamwambia, "Baba, hicho ni changu cha safari, bakisha!" Akacheka, Ester. Sikuwa nimemsikia mwanao akicheka tangu tulipokuzika.

Jumatatu Neema anapanda treni ya bara. Nimemfungia vipande ndani ya kitambaa safi, vya kwake na vya wenzake atakaowakuta, maana mtoto mgeni akiwa na cha kugawa hakosi rafiki. Anasema atakuwa daktari. Mie nimeshaanza kutamba sokoni kana kwamba nimemzaa mwenyewe. Usinikasirikie.

Pumzika, shoga yangu. Mungu akulaze pema, nakuombea kwa dua zetu, na mumeo anakuombea kwa zenu. Nami nakuahidi: kila likizo nitakuwa stesheni kumpokea. Na siku yoyote watakapouliza mama wa Neema yuko wapi, awe amevaa koti jeupe la daktari au shela la harusi, nitasimama.

Wako,
Zuhura