Jina Chini ya Mama Mnavaho

Tata Kabeya, baba na mwalimu wangu,

Hasira niliyobaki nayo tangu wakupandishe treni haijapoa, na leo imezidi. Kalenga, jirani yako, yule aliyesimama mlangoni kwako na vijana wenye mapanga akakwambia utoke, urudi kwenu Kasai, amekuja kununua picha yako.

Kwenu wapi, wewe uliyezaliwa Kolwezi? Kasai, nchi ya babu zako, hukuwahi kuiona. Ulifia njiani, ndani ya behewa, wanao wakafika huko bila wewe, na mimi mwanafunzi wako wa uchoraji nikaachwa salama kwa sababu jina langu ni la hapa.

Anamtaka yule mama Mnavaho, Mhindi Mwekundu wa Amerika, uliyemchora kwenye gunia la unga ukimwiga kutoka kalenda ya padri. Wateja walisema ni Bikira Maria anakimbilia Misri. Mimi nilimwonea mtoto huruma, kafungwa kwenye ubao kama mzigo. Ukanicheka. "Mutoto akifungwa hivi, mama yake anajua safari iko murefu." Ukanionyesha macho ya mama: hamtazami mtoto, anatazama alikotoka. Siku moja mteja akauliza ni wa kabila gani, nawe ukajibu bila kuinua brashi: "Ni mama ya bantu benye balifukuzwaka ku inchi yabo. Kisha balirudia." Watu waliofukuzwa nchini mwao, kisha wakarudi: hilo tu ndilo kabila ulilompa.

Leo Kalenga amekaa kwenye kiti chako hapa karakanani, akasema mama huyu anapumzika, hii ni picha ya amani, itapendeza sebuleni kwake. Kisha, kwa macho makavu, akagusa kwa kidole pembe ya chini, penye jina lako: "Picha iko muzuri, lakini utoshe ile jina. Bageni batauliza."

Nyumbani mwako anaishi yeye. Amebakiza jina tu, na hilo nalo analitaka lifutwe, tena kwa mkono wangu.

Nilimfukuza, Tata. Nilimwambia neno hilo hilo, "toka," kama alivyokwambia wewe, na majirani wakasikia. Najua atarudi na wenzake. Waje.

Alipoondoka nilichanganya rangi nyekundu. Jina lako nimeliandika upya, kubwa, lisomeke kutoka barabarani.

Lala, Tata. Picha hii haiuzwi. Mama Mnavaho atawangoja wanao, na wakirudi watamkuta ukutani, na chini yake nilichoandika: Kabeya, wa Kolwezi.